Kiswahili cha Amri

Wiki ya tatu, ofisi ya ushauri ilituletea karatasi:
Je, unaye mtu wa kumweleza shida zako?
Zungushia namba, moja hadi tano.
Nikazungushia tatu.
Tatu haina fitina. Mwenye moja huitwa ofisini,
mwenye tano huonekana anajidai,
mwenye tatu hagongewi mlango na mtu.

Mie wa Konde, Pemba. Hapa ni Nizwa,
mkoa wa Dakhiliya, nami nalala dakhalia,
ndani ya ndani,
ambako bomba la baridi hutoa maji ya moto
na Kiarabu nilichobeba, cha madrasa, kilichopigwa pasi,
wenzangu hukisikiliza kama khutba:
kwa adabu, kisha wanarudi kwenye mazungumzo yao.

Mama yuko saa moja nyuma yangu.
Nikilia saa sita, kwake ni saa tano,
bado hajaanza kunihofia.
Hunitumia sauti: "Unakula?"
"Nakula."
Sisemi nini. Sisemi na nani.

Alhamisi adhuhuri dakhalia hukata roho.
Mabasi huja kuwachukua wa Sur, wa Rustaqi, wa Ibra,
kila mmoja na furushi la nguo chafu za kufuliwa kwao,
na mie hubaki na friji, tunasikilizana.

Alhamisi moja niko chumba cha kufulia,
nyuma ya mashine mtu anahesabu sarafu:
moja, mbili, tatu, nne.
Niligeuka kama niliyeitwa jina.

Ghaniya. Wa Ibra. Basi lilimwacha.
Kiswahili chake alikirithi kwa bibi aliyemlea,
na bibi hakuwa na wasaa wa masimulizi;
chote kilikuwa amri.
Kaa kitako!
Kula!
Usinitolee macho!
Funga mlango, kuku wataingia!
Hii ya mwisho aliisema kila tulipoingia chumbani,
ghorofa ya tatu,
akidhani ndivyo tunavyosema tukitaka faragha.
Sikumsahihisha.

Hakujua kuuliza "una nini?"
Nilipofeli takwimu nikajifunika shuka siku mbili,
alikuja na mkate wa rakhal, jibini,
chipsi za mfuko kazipondaponda ndani,
akanisimamia kichwani kama askari:
"Amka. Nawa uso. Kula."
Nikaamka. Nikanawa. Nikala.
Yako maumivu ambayo ukiulizwa utayakana.
Ukiamrishwa, unajikuta unatafuna.

Mwezi wa tano mabasi yaliondoka na yeye hakupanda.
Nilimkuta amekaa juu ya nguo zake, kazikunja zote.
Bibi wa kuku kazikwa tangu juzi;
walimficha mpaka amalize mtihani.
Alikuwa na Kiswahili cha kufukuza, cha kulisha,
cha kuosha miguu kabla ya kulala.
Cha kulilia hakuachiwa.

Nikamwambia, "Pole."
Akanitazama. Pole ndiyo nini? Hujibiwaje?
Hakuwahi kupewa. Labda bibi aliona itamdekeza.
Nikamfundisha: unasema, nishapoa.
"Hata kama bado?"
Hata kama bado.

Nje nyuzi arubaini na tatu, matangi ya juu ya paa yanatokota,
na yeye anasema nishapoa, nishapoa,
machozi yanamfika kidevuni.
Sikuwa na neno jingine la kumpa.
Nikainuka kwenda kuteleka chai,
nikaacha mlango wazi.

Nyuma yangu, kwa sauti ya pua iliyoziba:
"Funga mlango."

Nikasimama, mkono kwenye kitasa,
nikasubiri amalizie.